Kadi Yenye Sura

Mama Mwenyekiti hakuwahi kuamini kitambulisho kwa kukitazama mara moja. Ukimpa chako, hata kama asubuhi hiyo mmekunywa chai meza moja, alikitazama, akakutazama wewe usoni, akakirudia tena, kisha akainua macho kwa mara ya mwisho kana kwamba huenda ulibadilika wakati ameinama. Halafu alitoa hukumu. Sura ikifanana alisema, "Ndiye." Isipofanana alisema, "Siye," na hapo hata ungeapa kwa Biblia ya kanisani kwake, yeye alikuwa ameshamaliza.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasimulia. Wenye ukoo wapo na midomo wanayo. Mimi nilimjua Tunduma, mpakani, katika kikundi chetu cha akina mama wa mizigo midogo. Tulikuwa tunavusha mchele na maharage kwenda upande wa Zambia, tunarudi na dagaa na vitenge. Yeye mwenyekiti, mimi katibu. Jina lake niliandika kwenye mihtasari tu. Midomoni mwetu alikuwa Mama Mwenyekiti, na hata alipoacha uenyekiti hakuna aliyethubutu kumwita vingine.

Alikuwa mtu wa kukerana naye. Kikao cha asubuhi aliingia wakati jua limeshapanda, akatuuliza kwa ukali kwa nini hatujaanza. Ukimwambia tulikuwa tunakusubiri wewe, alijibu, "Mnanisubiri mimi, mimi ndo ajenda?" Lakini mwanachama mwingine akichelewa, alisimamishwa mlangoni kama mtoto wa shule. Kwaya aliimba kwa nguvu zake zote na nje ya sauti ya wenzake wote, na mwalimu wa kwaya alishajifunza kumweka karibu na ngoma. Alinunua vitenge kila tukivuka, vizuri, vya rangi kali, halafu akavifungia sandukuni na kuja kazini na kile kile cha kijani kilichochakaa ukingoni. Nilimuuliza vile vipya anamwekea nani. Akasema anaviwekea siku yenye heshima. Siku hiyo sikuiona ikifika.

Na zaidi ya yote, hakupenda kupigwa picha. Kwenye harusi, mpiga picha akiinua kamera, Mama Mwenyekiti alikuwa ameshajificha nyuma ya mtu mrefu kuliko wote. Nina picha nyingi za kikundi chetu na yeye yumo katika nyingi, ila ni kipande cha bega la kijani. Ndiyo maana mpaka leo nacheka nikikumbuka kuwa mtu huyu huyu ndiye aliyetusumbua mwaka mzima na habari ya sura, sura, sura.

Alipenda methali moja kuliko zote: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wengine huisema kumsuta mtu anayedharau taabu za jirani. Yeye aliisema na kuiongezea mkia wake. "Ni kanda la usufi mpaka uubebe," alisema, na kama ulikuwa umelalamika juu ya uvivu wa mwenzako, alikutwisha mzigo wa huyo mwenzako papo hapo, ukaenda nao hadi geti la mpaka. Alinifanyia hivyo. Shingo iliniuma, na nikaacha kumsema Mama Upendo.

Sasa nieleze habari ya kadi za kwanza, kwa sababu bila hizo hutamwelewa.

Pale getini kulikuwa na utaratibu kwamba kila mwanachama wa kikundi anapita na mzigo mmoja kwa siku, kwa kadi yake. Kadi zetu za mwanzo zilichapwa harakaharaka kwenye karatasi na kufunikwa plastiki. Wanawake wa huku ni weusi, jua la barabarani na moshi wa kuni vimeongezea pale Mungu alipoishia, na weusi huo tunautembea nao bila aibu. Lakini ile mashine iliugeuza kuwa doa. Kila kadi ilikuwa na kilemba juu, macho mawili katikati, na giza. Tulipogawiwa tulicheka hadi tukakaa chini. Mama Upendo alisema sasa tumekuwa mapacha, wote, kikundi kizima.

Kisha tukagundua faida yake. Kama sura zote ni moja, kadi inaazimika. Sisi tuliazimana kila kitu: chumvi, mbeleko, kitenge cha kwendea msibani. Mmoja akiugua, jirani yake alipita getini na mzigo wake mwenyewe asubuhi, akarudi, akachukua kadi ya mgonjwa na kupita tena na mzigo wa mgonjwa, ili mteja wa ng'ambo asipotee. Hakuna aliyeona ni wizi. Tuliona ni udugu, na mpaka leo ukiniuliza nitakuambia ulikuwa udugu. Mama Mwenyekiti alilijua jambo hilo, akanuna, akanyamaza. Maana naye alishawahi kuugua, na mzigo wake ulishawahi kupita.

Siku moja Mama Upendo alishikwa na malaria. Kadi yake akaichukua Mama Sekela, mwanamke wa Ibaba, mweusi, mpole, mwenye nguvu za kubeba kuliko sisi sote. Mama Sekela akaacha kadi yake nyumbani, akaweka ya mwenzake kifuani, akavuka. Upande wa pili, akiwa bado hajatua mzigo, akaanguka. Alipookotwa, mdomo ulikuwa umekwenda upande na sauti haitoki. Wasamaria wema wakamtafutia kitambulisho kifuani, wakasoma jina, wakampeleka hospitali.

Habari ilivuka mpaka ikiwa "Mama Upendo kaanguka." Ilipofika sokoni ilikuwa "Mama Upendo kazidiwa." Ilipofika mtaani kwetu, Mama Upendo alikuwa amekufa. Tulikwenda kwake tukilia, na mikeka, na kuni, na unga. Mumewe aliyekuwa Hasamba kwenye mashamba ya kahawa alishapigiwa simu na alishapanda gari. Tulipoingia uani tukamkuta marehemu amekaa kwenye kigoda, kajifunika blanketi, anakunywa uji.

"Nani kafa?" akatuuliza.

Tulipiga kelele, wengine wakakimbia hadi barabarani. Halafu tukacheka, kicheko kile cha hofu, tukimshikashika mikono kuona kama ni ya moto. Mama Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alisimama katikati ya uwanja na mkeka wake kwapani.

"Nyamazeni," alisema. "Kama huyu yupo hapa, aliyelala kule ni nani?"

Mama Upendo akaweka bakuli chini na kuanza kulia, kwa sababu yeye ndiye aliyejua jibu.

Tulivuka watatu, Mama Mwenyekiti, mimi na Mama Upendo na homa yake. Muuguzi alitupokea vizuri. Akatuita bamayo, yaani akina mama kwa lugha ya kwao, akasema, "Mgonjwa wenu ni mgumu. Tukimwita jina lake anatikisa kichwa na kulia. Tumwite tena, anatikisa tena. Tumeona labda akili imeguswa."

Akili haikuwa imeguswa. Mama Sekela alikuwa amelala pale, haongei, anasikia kila neno, anaitwa Mama Upendo tangu alipofikishwa, na anakataa kwa kitu pekee alichobaki nacho, kichwa. Watoto wake Ibaba hawajui. Hakuna aliyekuwa anamtafuta, kwa kuwa aliyekuwa anatafutwa alikuwa mtu mwingine. Mama Mwenyekiti aliinama, akamshika shavu lile lililopinda, akamtazama, akatazama ile kadi yenye doa iliyowekwa mezani, akamtazama tena.

"Siye," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akamwambia, "Mama Sekela, mwenzangu. Tumekuona." Yule mama alilia machozi ya upande mmoja, na sisi tukalia naye, sioni aibu kusema.

Tulipokuwa tunarudi, tulikaribia geti. Hapo Mama Mwenyekiti akasimama, akasema maneno ambayo baadaye aliyarudia mpaka tukayachoka: "Mimi nilidhani kitambulisho ni cha askari. Kumbe ni cha siku usipoweza kusema jina lako mwenyewe."

Mama Sekela alipona nusu. Alirudishwa kwao Ibaba, akawa anatembea kwa fimbo na kusema polepole. Na Mama Mwenyekiti akaanza vita yake.

Kikundi kilikuwa na akiba ya kutosha jambo moja. Paa la ghala letu lilikuwa linavuja, na masika yetu si ya mchezo. Wanachama walitaka bati. Yeye alitaka printa, ile ya kuchapa kadi za plastiki ngumu, iwe yetu wenyewe. Mimi nilisimama na wenye bati. Nilisema kadi tunaweza kuzichapisha Mbeya kwa watu wenye mashine zao, tukabaki na paa. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko na sijaifuta mpaka sasa.

"Mbeya," alisema, kama nimetaja Ulaya. "Mwanachama mpya akijiunga leo, atasubiri safari ya Mbeya? Kadi ikipotea leo, mwenyewe akianguka kesho?"

"Na mchele ukilowa?"

"Mchele ukilowa tunauanika, Katibu. Mtu akilala asijulikane, utamwanika wapi?"

Watu wakaguna. Niliona kura zinanihama. Nikakaa chini, na nilikasirika, na kwa muda mrefu baada ya hapo nilimsalimia kwa salamu fupi ya mtu na afisa wake. Yeye aliitikia kama vile hajaona chochote, jambo lililonikasirisha zaidi.

Lakini aliyemtikisa si mimi. Alikuwa ni Mama Upendo, aliyesimama siku ile ile, bado mwembamba kwa ugonjwa. "Mama Mwenyekiti," alisema, "mimi sipingi. Mimi ndo niliyeliliwa nikiwa hai. Ila kadi zikitoka na sura wazi, nikiugua tena, mzigo wangu nani ataubeba?"

Ukumbi mzima ulimgeukia Mwenyekiti. Yeye alikuwa na jibu la kila kitu, hata ambacho hakuulizwa. "Hilo sina jibu," alisema. "Nipeni nafasi."

Nafasi hiyo aliitumia kumkalia afisa wa geti. Simaanishi kumwomba. Namaanisha alichukua kigoda chake akakiweka kando ya ofisi ya afisa, akakaa, akasuka mkeka. Akiulizwa anataka nini, alisema anasubiri afisa apate muda. Afisa alipopata muda alimweleza ukweli wote, kwamba tunaazimana kadi na kwa nini. Nilipopata habari kuwa amekwenda kututaja, nilishika kichwa. Nilijua tumefukuzwa. Yeye akarudi na kibali. Kila mwanachama atachagua mwenzake mmoja. Nyuma ya kadi pataandikwa neno "Mwenzake," na jina la huyo mtu, na namba yake ya simu. Mwanachama akiugua, mwenzake anakuja na kadi zote mbili, anapitisha mizigo yote miwili, mchana kweupe. Na kadi ikikutwa na mtu aliyeanguka, wa kupigiwa anajulikana.

"Huyo afisa umempa nini?" nilimuuliza, nikasahau kuwa tumenuniana.

"Nimempa mkeka," alisema. "Ulikuwa umeshaisha."

Ndipo habari ya printa ikawa nzito kweli, maana sasa tulihitaji kadi yenye pande mbili. Muuzaji alikuja kutoka Mbeya na mashine mbili, ndogo na kubwa, na mkoba wa kadi za mfano. Kijana msafi, mwenye adabu, alituamkia wote mmoja mmoja. Akaweka mezani kadi inayong'aa yenye picha ya mwanamke mweupe anayetabasamu.

Mama Mwenyekiti akaishika. Akaitazama, akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kila uso, akairudia tena.

"Huyu yuko kikundi gani?"

"Hapana mama, huyo ni mfano tu."

"Kapendeza. Ila hatumjui. Tuchapie tunayemjua."

Akamgeukia Mama Sekela. Alikuwa amemwita kutoka Ibaba makusudi kwa siku hiyo, akampa kiti cha mbele na shali yake mwenyewe. Mama Sekela hakuwa anabeba mizigo tena na hangebeba. Nilimnong'oneza Mwenyekiti kuwa huyu hahitaji kadi. Akanijibu bila kunong'ona, "Huyu ndo wa kwanza kuihitaji."

Kijana akampiga picha pale pale alipokaa. Akawasha mashine ndogo, akaisifia kuwa inatoa kadi kufumba na kufumbua. Ikatoa. Kilemba juu, macho katikati, giza. Mama Mwenyekiti akatazama mara zake zote, na kabla hajafungua mdomo, Mama Sekela mwenyewe akaichukua ile kadi kwa mkono wake wenye nguvu, akaiangalia. "Si-ye," alisema polepole, kwa ule mdomo wake. Hakuna aliyecheka.

Kijana hakukasirika. "Mama," alisema, "nisamehe. Printa inatoa ilichopewa. Nimempiga picha ndani, na dirisha liko nyuma yake. Hata ukinunua mashine ya dhahabu, ukiipa giza itachapa giza."

Mama Mwenyekiti hakupenda kukosolewa, na mimi, Mungu anisamehe, nilisubiri kwa hamu kuona atakavyomrarua. Akafikiri. "Kijana kasema kweli," alisema. "Tokeni nje wote." Tukatoka. Tukamkalisha Mama Sekela mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na akina mama wawili wakashika shuka jeupe mbele yake, chini ya kidevu, ili mwanga wa jua umrudie usoni. Kijana ndiye aliyetufundisha hilo. Safari hii akachapa kwenye ile kubwa, inayochapa pande zote mbili na kufunika picha kwa utando mwembamba.

Alitoka Mama Sekela. Weusi wake ule ule, unaong'aa, na kovu dogo la nyusi, na mdomo wake uliopinda. Kijana aliuliza kama autengeneze mdomo kwenye kompyuta, unyooke. Mwenye kadi alitikisa kichwa, kama alivyokitikisa kule hospitali. Kisha akaiweka ile kadi kifuani akaifunika kwa viganja viwili, akacheka na kulia kwa pamoja. Mama Mwenyekiti alisema neno moja, "Ndiye," akageuka upande wa ukuta muda mrefu kidogo. Mimi hasira zangu za bati ziliniishia hapo hapo, ingawa sikumwambia.

Usidhani alilipa siku hiyo. Alizichukua kadi za mashine zote mbili, akazivaa kifuani, akabeba mchele nazo mpaka zikalowa jasho. Akaziosha kwenye beseni na sabuni ya mche. Akazikwaruza kwa ukucha. Ya mashine ndogo, pua ilianza kufutika. Akampigia kijana simu: ule utepe wa rangi ukiisha tutaupata wapi, na wewe ukihama kazi tutamuuliza nani, na umeme ukikatika kadi iko katikati inakuwaje, na nani kati yetu utamfundisha mpaka aweze bila wewe. Kijana akajibu yote. Nadhani alishaanza kumwogopa, au kumpenda, kwa mama yule vitu hivyo vilikuwa jirani. Tukanunua kubwa.

Printa ilikaa kwenye chumba cha nyuma, imefunikwa kitenge kipya kabisa kutoka sandukuni mwake, chekundu chenye maua. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia kabla ya kukung'uta pumba nguoni. Alisimama mlangoni na ufagio mdogo akitupangusa migongo. Paa la ghala liliendelea kuvuja, tukahamisha magunia kutoka kona hadi kona masika nzima tukimlaani, na yeye akihamisha pamoja nasi, akilaani pia. Bati tulikuja kuezeka baadaye. Mwenzetu mmoja aliposhikwa na uchungu ng'ambo kabla ya siku zake, simu ya mwenzake iliita kabla hajafikishwa wodini, na mtoto alizaliwa akiwa na ndugu mlangoni. Siku hiyo hakuna aliyetaja bati.

Mimi mwenzangu nilimchagua Mama Upendo. Mwenyekiti tulimuuliza yeye kamchagua nani, akasema shughulikieni mambo yenu. Hakuwa na mume wala mtoto. Tulibahatisha: mama mmoja wa kwayani, au Mama Sekela. Alisubiri wote tuishe kuchapiwa, ndipo akajifungia chumbani na aliyejifunza mashine, akamwapisha, akapigwa picha. Kadi aliivaa sura ikiwa nje na mgongo ukiwa kwenye nguo, na ikigeuka kwa upepo aliishika haraka. Kwenye picha alikuwa amekunja uso kama anayetukanwa. Ila alikuwa yeye mzima, si bega tu.

Tuliendelea kubishana miaka yote iliyofuata. Tulibishana juu ya vijiko vya kikundi, juu ya neno moja kwenye muhtasari, juu ya kama nyimbo za msibani ziimbwe haraka au polepole. Alipochoka aliacha uenyekiti, akaenda kukaa Hasamba kwa mdogo wake, kwenye migomba na kahawa. Nilikwenda kumwona mara chache. Mara ya mwisho aliniuliza habari za kikundi, nikamweleza, na baada ya kitambo akaniuliza tena kama vile hajauliza. Mdogo wake alinitazama, akashusha macho.

Halafu, mwaka huu, siku ya soko, simu yangu iliita namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, kelele za magari nyuma yake.

"Dada samahani. Mimi nauza maandazi hapa stendi ya Vwawa. Kuna bibi hapa anataka gari la mpakani, anasema amechelewa kikao. Nikimuuliza jina anakasirika, halijui. Nimeona kadi shingoni. Nimegeuza nyuma, imeandikwa Mwenzake, halafu jina lako na hii namba."

Nilimwambia arudie. Akarudia, jina langu, herufi kwa herufi. Nilikaa chini kwenye gunia la mtu.

Nilipofika Vwawa nilimkuta kwenye benchi, kitenge cha kijani, kifurushi kikubwa mapajani, kakunja uso vile vile kama kwenye picha. Muuza maandazi alikuwa amempa chai. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Katibu."

"Katibu yupo mpakani," alisema kwa ukali. "Usinichezee."

Nilitaka kulia na sikulia, kwa kuwa yeye asingenielewa na ningemtia hofu. Nikaingiza mkono kifuani, nikatoa kadi yangu, nikampa. Akaikwaruza kwa ukucha. Akaielekeza kwenye mwanga. Akaitazama, akanitazama usoni, akairudia, akainua macho tena, taratibu, hana haraka, na watu wa stendi wakipita na kuitana pande zote.

"Ndiye," alisema.

Akanirudishia kadi yangu, akasimama, akanitwisha kifurushi chake.

"Mbona umechelewa?" akaniuliza, na akatangulia kuelekea kwenye magari.

Niliposhika fundo la kifurushi niliona ncha za vitenge, vyekundu, vya njano, vya bluu, vyote vya sandukuni. Havikuwa kanda la usufi hata kidogo. Nikamfuata navyo.